Upande Aliopewa Anatolia

Mwalimu Elpidius aliitikisa kofia yake, akamsogezea Anatolia achukue kwanza. Anatolia aliingiza mkono, akatoa kikaratasi kilichokunjwa na kukifungua mbele ya wote, kama taratibu za mdahalo zilivyotaka. Kilikuwa na neno moja tu: Kuunga.

Placida, rafiki yake na mzungumzaji wa pili wa shule yao, alilisoma lile neno juu ya bega lake, akanyamaza. Ng'ambo ya meza, Egbert Mutalemwa hakuhitaji kuichukua karatasi iliyobaki. Ilijulikana imeandikwa nini. Yeye na mwenzake Novatus wangepinga.

Mada ilikuwa ubaoni kwa chaki nyeupe: Binti akiposwa na mtu mwema, aache shule aolewe. Ilikuwa mara ya pili mwaka ule wa hamsini na nne kwa wasichana wa shule ya masista, upande wa Mabira huko Karagwe, kushindana kwa maneno na wavulana wa shule ya Waluteri kutoka Nyakahanga. Mara ya kwanza walisikilizwa na walimu na wanafunzi wenzao tu. Safari hii wazazi wangealikwa, na mdahalo ungekuwa wa Kiswahili ili hata wale ambao nyumbani husema Kinyambo peke yake waambulie kitu. Mwalimu Elpidius, mkaguzi wa shule kutoka Bukoba, ndiye angeamua.

Wengine waliokuwamo chumbani waliiona ile kuwa mada kama mada nyingine. Placida na Egbert tu ndio waliojua kwamba yalikuwa maisha ya Anatolia yaliyoandikwa ubaoni.

Mwezi uliopita, nyumbani kwao, wageni walikuja na vibuyu vya rubisi, pombe ya ndizi, wakakaa na baba yake mpaka jua likapungua nguvu. Walimposea Gaudiosus, mfanyabiashara kutoka Muleba aliyehamia kijiji cha pili. Alikuwa Mkatoliki mwenye adabu na duka lake, wala hapakuwa na mtu aliyekuwa na neno baya juu yake. Baba yake Anatolia, katekista Ndyamukama, aliinywa ile rubisi. Kwa hiyo alikuwa amekubali. Alichoomba ni kwamba binti amalize muhula. Nafasi ya chuo cha ualimu ambayo Sista Mkuu alikuwa amemtafutia Anatolia huko Bukoba ingekwenda kwa mwingine.

Kura ilipokwisha, Sista aliwaruhusu Anatolia na Placida wamsindikize Egbert hadi mwisho wa migomba ya shule. Placida alikuwa na akili. Alitangulia mbele, mbali kiasi cha kutosikia, karibu kiasi cha kuonekana. Egbert alisukuma baiskeli yake bila haraka. Shati lake jeupe lilikuwa limeingia vumbi la safari ndefu, na Anatolia, aliyejizuia kumtazama chumbani, sasa alimtazama hadi akashikwa na haya.

Walikuwa wamependana kwa namna ambayo hata wenyewe waliishangaa. Katika ule mdahalo wa kwanza waliulizwa kipi kinatajirisha nyumba zaidi, ng'ombe au kahawa. Egbert alisimamia ng'ombe, na alisema vizuri hata wenzake wakaanza kupiga meza. Kisha akainuka msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, akayachambua maneno yake moja baada ya jingine hadi yakabaki maganda, na alipomaliza akamwinamia kidogo na kumshukuru kwa hoja nzuri. Tangu siku ile Egbert hakuwa na usingizi mzuri. Kwa bahati wote wawili walikuwa makatibu wa midahalo katika shule zao, na ukatibu ukawa na shughuli nyingi kuliko ulivyowahi kuwa.

"Baba yako atakuwapo?" Egbert aliuliza.

Anatolia alimjibu kwamba makatekista wote wamealikwa, na baba yake angekaa mbele.

Egbert aliisimamisha baiskeli. Alikuwa ameshafikiri jambo hilo tangu kikaratasi kilipofunguliwa, na sasa alilisema lote kwa pumzi moja. Alisema Mungu amewapa nafasi. Mzee angesikia mbele ya watu, kutoka kwa mtu asiye wa nyumbani kwake, kwa nini binti asitolewe shule. Na kama upande wa kupinga ungeshinda, mkaguzi mwenyewe akatamka hivyo, mzee angerudi nyumbani na swali kichwani.

"Kwa hiyo?" Anatolia aliuliza.

"Kwa hiyo wewe punguza kidogo."

"Nipunguze nini?"

"Makali. Uniachie mahali pa kupita. Hakuna atakayejua."

Anatolia alitazama gurudumu la baiskeli. Egbert, akidhani anapima shauri lake, akaongeza kwamba anayasema hayo kwa kuwa anampenda, na hakuwa amelitamka neno hilo kabla ya siku ile. Lingetamkwa wakati mwingine wowote, Anatolia angeyeyuka. Siku hiyo lilimchoma.

"Egbert, ulinipendea nini?"

Alijibu bila kufikiri. Alisema alimpenda siku ile aliposimama na kuyavunja maneno yake yote, kisha akamshukuru.

"Basi huyo unayemtaka apunguze ndiye huyo."

"Anatolia, ni maisha yako. Si mchezo."

"Ndiyo maana sitadanganya. Baba yangu hajawahi kunisikia nikisema mbele ya watu. Mara moja tu maishani mwake atanisikia, na wewe unataka anisikie nikibabaika makusudi? Nikiozwa, niozwe nikiwa nimesema kama ninavyoweza." Aliushika usukani wa baiskeli. "Na wewe ukinionea huruma ukapunguza, nitajua. Nitajua kwa neno la kwanza, na hatutasema tena mimi na wewe."

Egbert aliigeuza baiskeli njiani. Aliipanda bila kuaga. Anatolia alimsindikiza kwa macho mpaka alipozama kwenye mteremko, na Placida aliporudi kumchukua alimkuta anafuta uso kwa kitambaa cha kichwani.

Kwa siku kadhaa Anatolia alihangaika na hoja zake. Kila alichokiandika kuunga mada kilikuwa kikavu. Wasichana darasani walimsaidia kwa yale wanayoyasikia majumbani: kwamba binti akikaa sana shule anakuwa na kiburi, kwamba anachelewa kuzaa, kwamba anasahau jembe. Placida alicheka, lakini Anatolia hakucheka. Alijua kwamba akisimama na maneno kama hayo, atakuwa amepunguza bila kujitambua. Kama upande huu una ukweli wowote, alimwambia Placida, basi hatujaufikia.

Jumamosi aliomba ruhusa akaenda nyumbani. Alimkuta mama yake, Renatha, jikoni, akaketi kumsaidia kumenya ndizi. Akamuuliza kwa upole kwa nini Tata, kama walivyomwita baba, ana haraka ya kumwoza, ilhali ni yeye mwenyewe aliyewafundisha watoto wa kijiji kizima kusoma.

Mama yake alichukua ndizi nyingine. Kisha, huku mikono ikiendelea na kisu, akamsimulia habari ambayo haikuwa ikisemwa nyumbani mle. Ndyamukama alikuwa na dada, Stephania. Alikuwa msichana mwerevu kuliko wote katika misheni, hata mapadri wakamchukua kwenda kusomeshwa ng'ambo ya ziwa. Ndyamukama, wakati huo kijana, alimsindikiza kwa miguu hadi Bukoba, akamwona akipanda meli, akampungia mkono. Huko ng'ambo Stephania alipatwa na homa. Habari ilipofika Karagwe, nyasi zilikuwa zimeshaota kaburini, na mpaka leo hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuliona kaburi hilo.

"Baba yako haogopi shule," mama yake alisema. "Anaogopa mahali asipoweza kufika kwa miguu."

Anatolia aliweka kisu chini. Alikuwa amemkasirikia baba yake mwezi mzima, kimya kimya, kwa heshima zote, kwa hasira ambayo alidhani ni ya haki. Sasa hakujua aiweke wapi. Jioni ile baba yake aliporudi kutoka kufundisha sala, alimpokea mfuko, akamletea maji ya kunawa, akamtazama mgongoni alivyoinama, na hoja alizokuwa akizitafuta zikaja zenyewe.

Siku ya mdahalo lori liliwaleta wavulana wa Nyakahanga mapema mchana. Darasa kubwa la masista lilikuwa limetolewa madawati na kuwekwa mabenchi, na wazazi waliokosa nafasi walisimama madirishani. Wamama walikuja na vikapu vyao, wazee na kofia zao. Ndyamukama alikaa benchi la mbele pamoja na makatekista wenzake, fimbo katikati ya magoti. Egbert alipoingia alimtafuta Anatolia kwa macho. Anatolia alikuwa akimtazama tayari. Hakuna aliyetabasamu, lakini walitazamana kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, na kila mmoja aliona kwamba mwenzake amekuja na nguvu zake zote.

Mwenyekiti alisoma mada, akamwita mzungumzaji wa kwanza wa kuunga. Anatolia aliinuka, akawaamkia wazazi kwa shikamooni, nao wakaitikia kama kanisani.

Alianza kwa kusema kwamba amesikia wasomi wakimwita mjinga baba anayemwoza binti yake mapema. Alisema yeye hajapata kumwona huyo baba mjinga.

"Nimemwona baba anayeamka kabla ya alfajiri," alisema. "Anasimama uani, anasikiliza. Kila mtoto anapumua kwa namna yake, naye anawajua wote. Siku moja pumzi moja haipo. Mtoto amekwenda kusoma. Watu wanampongeza, naye anaitikia pongezi, na kesho yake anasimama uani tena kusikiliza. Bukoba mtu anaweza kufika kwa miguu. Lakini yako mahali ambako mtoto akiumwa, habari inafika nyumbani nyasi zimeshaota. Baba huyu anaposema binti aolewe kijiji cha pili, hamchukii. Anaomba kitu kimoja tu. Anaomba akiitwa, aweze kufika."

Waliosimama madirishani walikuwa wameegemea ndani. Anatolia hakuwa amepandisha sauti hata mara moja. Hakumtazama baba yake, kwa kuwa alijua akimtazama hatamaliza, lakini Placida aliyekuwa ameketi alimwona katekista akivua kofia taratibu na kuiweka gotini, kisha akainamisha uso asiinue tena mpaka kengele ya muda ilipolia.

Egbert aliposimama, aliitazama karatasi yake, akaiweka chini. Wenzake walidhani amesahau. Kumbe alikuwa ameguswa, na alilisema hilo wazi, kwamba aliyemtangulia amemtia simanzi, na kwamba atajibu kwa heshima kwa sababu maneno kama yale hayajibiwi kwa kelele. Anatolia alihisi moyo wake ukifunguka kama mlango. Kisha Egbert akaanza, na hakupunguza.

Aliuliza ni nani atakayewazalisha akina mama hawa ikiwa kila binti anatolewa shule kabla hajafika kwenye uuguzi. Aliuliza nani atawafundisha watoto wao. Alisema hapa kila mtu analima kahawa, na hakuna aliyewahi kumwona mkulima akiukata mti wa kahawa ukiwa umetoa maua. Wazee walicheka, wakakubali kwa vichwa. Mwishoni akasogea hatua moja mbele ya meza.

"Mada inasema mtu mwema," alisema. "Mimi nasema mtu mwema anajua kungoja. Asome binti, amalize, afundishe hata miaka kadhaa, naye mtu huyo angoje. Asiyeweza kungoja, wema wake tutauona wapi?"

Alikuwa akiwaambia wazazi, lakini macho yake yalikuwa kwa Anatolia. Wasichana waliokuwa nyuma walianza kunong'onezana. Anatolia alishika ukingo wa meza.

Placida na Novatus walisema zamu zao, na ikawa wakati wa majibu ya mwisho. Novatus alimnong'oneza Egbert amwulize msichana mbele ya watu kama yeye mwenyewe anaamini anayoyasema, kwa maana shule yake nzima inajua anatamani ualimu. Swali hilo lingemaliza mchezo. Egbert alitikisa kichwa. Alirudia hoja zake kwa nguvu, akazipanga vizuri zaidi, akaketi bila kuligusa jambo hilo. Anatolia alikuwa ameona mnong'ono na ameona kichwa kikitikiswa, akaelewa.

Akainuka mara ya mwisho.

"Ndugu yangu amesema habari za mti wa kahawa," alianza. "Nakubali, haukatwi ukiwa na maua. Lakini mavuno yakishapanda lori, mkulima halifuati lori kuuliza buni zake zimelala wapi, zimekula nini, nani amezifunika. Mtoto si buni. Na amesema mtu mwema anajua kungoja. Hilo ni kweli, na ni zuri, na anayelisema ana moyo mzuri. Mchumba ni kijana, anaweza kungoja. Baba hawezi. Yeye anazeeka kila siku tunapongoja."

Aliwainamia wapinzani wake, akawashukuru kwa hoja nzuri, akaketi. Kisha mama mmoja dirishani akaanza kupiga makofi, na darasa zima likafuata.

Mwalimu Elpidius alisimama na karatasi zake. Alisema yeye alikuja akiamini upande wa kupinga, na ataondoka akiuamini. Ana mabinti, na wote watasoma. Lakini hakuitwa kusema anachoamini, ameitwa kusema nani amesema vizuri zaidi, na katika miaka yake yote ya kukagua shule hajasikia mwanafunzi akiutafuta ukweli wa upande wake kwa bidii kama hii. Upande wa kuunga umeshinda. Wasichana walirukiana. Masista, waliojitahidi kukaa kwa utulivu, walishindwa.

Katika vurugu zile Egbert alizunguka meza, akampa Anatolia mkono. Hawakuwa wamegusana tangu kufahamiana, na mkono ule ulikaa.

"Hukupunguza," alisema.

"Na wewe."

"Nilitaka kukushinda kwa nguvu zangu zote."

"Najua. Niliogopa." Kisha akateremsha sauti. "Nilimwona Novatus akikunong'oneza. Asante."

Egbert alisema hakuna cha kushukuru, kwamba hangeweza kumfanyia hivyo na bado akajiita mwanamume. Akamwomba radhi kwa maneno ya siku ile ya kura. Alisema aliona leo kwamba alichokuwa anaomba ni kuzima taa ili apate kuona. Anatolia aliangalia vidole vyao.

"Na lile la kungoja," alisema, "lilikuwa la mdahalo?"

"Hilo halikuwa la mdahalo."

Anatolia alivuta mkono wake kwa sababu mtu alikuwa amesimama kando yao. Alikuwa baba yake, kofia bado mkononi, macho mekundu kidogo. Egbert aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, waitu," alisema, kwa neno la heshima la wenyeji.

"Marahaba. Wewe ndiye kijana wa Waluteri aliyeshindwa?"

"Ndiye mimi."

"Ulimwachia kwa kuwa ni msichana?"

"Sikumwachia, waitu. Ameshinda mwenyewe."

Ndyamukama alimtazama Egbert, akamtazama binti yake, kisha akamtazama Egbert tena, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kusikiliza watu wakikiri imani. Alisema wanarudi nyumbani, Sista amempa Anatolia ruhusa, na kama lori la Nyakahanga haliondoki sasa hivi, kijana anaweza kuwasindikiza hadi njia panda.

Walitembea watatu. Katekista aliuliza habari za kwao. Egbert alijibu kwamba baba yake anatoka Bukoba na ana duka Nyakahanga, mama yake anaimba katika kwaya ya kanisa lao, na yeye anatumaini kuendelea na masomo Bukoba mwakani. Mzee hakusema neno juu ya kanisa. Aliuliza juu ya mvua za kule na ugonjwa wa migomba. Penye njia panda alimshukuru, akampa mkono, na Egbert akarudi nyuma akiwa hajui kama amepokewa au amefukuzwa kwa adabu.

Baba na binti waliendelea, migomba ya watu kushoto na kulia.

"Habari za ng'ambo ya ziwa umepewa na mama yako," Ndyamukama alisema.

"Ndiyo, Tata."

"Jina hukulitaja."

"Halikuwa la kutajwa mbele za watu."

Ndyamukama alikohoa, akatembea tena kidogo. Alisema kwamba miaka yote hii amejaribu kumweleza padri, akajaribu kumweleza mkewe, na hakuwahi kupata maneno. Leo ameyasikia yote yakitoka kwa mtoto wake, yamenyooka, mbele ya wilaya nzima, na wale waliokaa naye benchi hawakujua kwa nini anatokwa na machozi. Walidhani ni fahari. "Na fahari ilikuwamo pia," alisema. Kisha akasimama katikati ya njia.

"Uliyoyasema, unayaamini?"

Angeweza kujibu ndiyo, na pengine baba yake angelala vizuri usiku ule.

"Naamini uchungu wake, Tata. Hukumu yake siiamini."

"Basi nisemee upande wako. Hapa hakuna kengele."

Akasema. Huku wakitembea, alimweleza baba yake yote aliyokuwa ameyabana tangu ile rubisi iliponywewa. Alisema Gaudiosus ni mtu mzuri na hana neno naye, lakini anataka kusimama mbele ya darasa kama alivyosimama leo, kila siku, na watoto wa Mabira wakiwa mbele yake. Alisema Bukoba si ng'ambo ya ziwa, na yeye mwenyewe, Tata, amewahi kuifikia kwa miguu. Sauti yake haikuwa na ujanja wowote wa mdahalo.

"Shangazi hakufa kwa sababu alisoma," alisema. "Alikufa akiwa hana mtu wa kwao karibu. Mimi nikisoma ualimu, nitarudi kufundisha huku huku. Wasichana wa huku hawatahitaji tena kupelekwa mbali, kwa sababu mwalimu wao atakuwa hapa. Ukiniita, utafika. Na ukiitwa wewe, mimi nitafika."

Waliteremka hadi kijito, mzee akanywa maji kwa kiganja, akanawa uso, akakaa kidogo juu ya jiwe. Anatolia alisimama pembeni akisubiri, na kusubiri huko kulikuwa kugumu kuliko kumsubiri mkaguzi na karatasi zake.

Walipopanda upande wa pili walikutana na jirani yao, mzee Rwezaura, anarudisha mbuzi. Waliamkiana, akauliza wametoka wapi wamevaa hivyo.

"Nimetoka kumsikiliza mwalimu," Ndyamukama alisema.

Rwezaura aliuliza mwalimu gani.

"Huyu hapa. Anakwenda chuoni Bukoba mwakani. Akirudi atafundisha wajukuu zako, kwa hiyo uwaambie waanze kunawa miguu."

Rwezaura alicheka, akampongeza, akaenda na mbuzi zake. Anatolia alikuwa amepiga magoti njiani kumshukuru baba yake, machozi yakimchuruzika, na baba yake alimwinua kwa mkono akimwambia asichafue gauni la shule. Kuhusu Gaudiosus, alisema, angekwenda mwenyewe kijiji cha pili kumweleza uso kwa uso, na kurudisha heshima ya ile rubisi kwa rubisi nyingine. Ni mtu mwema, angeelewa. Alisema hivyo kichwa kikiwa juu, kama mtu anayekwenda kutangaza habari ya kujivunia.

Walikuwa wanakaribia nyumbani. Moshi wa jikoni kwa Renatha ulionekana juu ya migomba.

"Yule kijana wa Nyakahanga," baba yake alisema ghafla, bila kugeuka. "Anajua kushindwa. Si wengi wanaojua. Jina lake ni nani? Mwenyekiti alilitaja, limenitoka."

Anatolia alijua halikumtoka. Baba yake alikuwa na majina ya kila mtu aliyebatizwa parokia ile kwa zaidi ya miaka ishirini, na ya wazazi wao, na hajawahi kulipoteza hata moja. Alikuwa anataka kulisikia kutoka kwake.

"Egbert," alisema. "Egbert Mutalemwa, Tata."

Na sauti ile iliyosimama mbele ya watu wote wale bila kutikisika, ikatikisika. Baba yake aliisikia. Alitembea hatua chache, akavaa kofia yake vizuri, na hakusema neno lolote la kupinga.